Diski za boksi moja

Swali: Seva ya ofisi ina diski 4 za TB 8, zote za boksi moja, kwenye RAID 5 (mpangilio unaounganisha diski ili moja ikifa data ibaki). Fundi anasema ni hatari. Kweli?

Jibu: Kweli kabisa. Diski za boksi moja huweza kuwa na kasoro ileile, na umri wake ni uleule. Novemba 2019 kampuni ya seva ya HPE ilionya kwamba baadhi ya SSD zake (diski zisizo na sehemu zinazozunguka) zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, kwa kosa la programu ya ndani ya diski hizo. Zilizowashwa pamoja zingekufa pamoja. RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja tu, na kujaza mbadala wa TB 8 kwa MB 150 kwa sekunde huchukua takriban saa 15, zilizobaki zikisomwa mfululizo; nyingine ikifa wakati huo, data imepotea. Kwanza weka nakala kamili nje ya seva. Kisha badilisha mbili kwa diski za kampuni nyingine, zenye ujazo usiopungua huo. Ya kwanza ijae ndipo utoe ya pili.