Mwanangu ajifunge na chuo lini?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama Mtanzania, naishi Houston, Texas. Mwanangu yuko darasa la 11 na anacheza futiboli ya Kimarekani, upande wa ushambuliaji, katika ule mstari wa mbele wa vijana wenye miili mikubwa wanaomkinga mwenzao anayerusha mpira. Makocha wa vyuo vitatu wamempa ofa za udhamini wa masomo kwa mdomo: chuo kimoja ni kikubwa, viwili ni vya wastani. Wiki iliyopita kocha wa chuo kikubwa alimpigia simu akamweleza kuwa wanatafuta vijana wawili tu wa kucheza mahali pake, mmoja ameshapatikana, na hivyo wangependa jibu kabla Aprili haijaisha. Baba yake anasema bahati haibishi hodi mara mbili. Mimi naona tunaharakishwa, kwani hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga chuo hicho. Ajifunge sasa au asubiri?

Mzazi, Houston

JIBU

Mama, asijifunge mwezi huu. Nalisema hilo mwanzoni ili usiendelee kusoma ukiwa na wasiwasi, lakini sitaki pia asubiri hadi Desemba, maana hofu ya baba yake ina msingi wake.

Tuanze na neno lenyewe. Kijana anapomwambia kocha kwamba amekichagua chuo chake, hata akitangaza mbele ya shule nzima, anatoa ahadi ya mdomo ambayo kwa kanuni haimfungi yeye wala haikifungi chuo. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, haziruhusu hata ofa ya maandishi itolewe kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na saini yenyewe husubiri dirisha la kutia saini, ambalo mwaka 2024 na 2025 lilifunguliwa Jumatano ya kwanza ya Desemba. Sisi tumelelewa tukiambiwa ahadi ni deni, na ningependa mwanao aendelee kuamini hivyo. Ndiyo sababu asilitoe neno lake kabla hajawa tayari kulitimiza. Travis Hunter, aliyekuwa miongoni mwa vijana waliosakwa kuliko wote nchini humo, alikiahidi chuo cha Florida State tangu mwaka 2020, na siku ya kutia saini, Desemba 2021, akajiunga na chuo kingine, Jackson State. Mwaka 2024 alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, akiwa chuo cha Colorado. Lakini mwanao asimfanye Hunter kuwa kipimo, kwa kuwa kijana wa aina ile huachiwa mlango wazi hadi dakika ya mwisho, ilhali kijana wa kawaida akigeuka, nafasi yake huchukuliwa siku hiyo hiyo. Vyuo navyo hugeuka. Kocha akimpata kijana anayemwona bora zaidi, simu kwa yule wa kwanza hupungua, kisha hukatika kabisa.

Kuna swali moja ambalo wazazi wengi hulionea haya, nami nakuomba uliulize wewe mwenyewe: “Mwanangu akisema ndiyo leo, mtampokea?” Makocha hutoa ofa nyingi kuliko nafasi walizo nazo, na baadhi ya ofa hizo ni njia tu ya kumweka kijana karibu wakati wanamsubiri mwingine. Kocha akijibu moja kwa moja kwamba watampokea, ofa hiyo ni ya kweli kwa siku hiyo. Akianza kuzungumzia kumtazama tena kwenye kambi ya kiangazi, basi ile habari ya mwisho wa Aprili haina uzito mliokuwa mkiupa.

Sababu nyingine ya kutokukubali kabla ya kukiona chuo ni kwamba makocha huondoka. Nick Saban, kocha mkuu wa futiboli wa chuo cha Alabama, alitangaza kustaafu tarehe 10 Januari 2024, wakati vijana wa mwaka huo walikuwa wameshatia saini na baadhi yao wameshahamia chuoni. Julian Sayin, mrushaji mpira, alikuwa mmoja wao, na kabla mwezi huo haujaisha alikuwa amehamia chuo cha Ohio State. Kwa hiyo mtakapokwenda, mtazame kile kitakachobaki hata kocha akiondoka: kozi anayotaka kusoma, walimu wanaowasaidia wanamichezo na masomo, mabweni, umbali kutoka nyumbani, na jinsi wachezaji wa mwaka wa pili wanavyozungumza makocha wakiwa hawapo. Nafikiri hayo mazungumzo na wachezaji yatawafaa kuliko ziara yote ya uwanjani.

Sasa niseme kuhusu hofu ya baba. Tangu Julai 2025, kutokana na makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA kuhusu malipo, yaliyoidhinishwa na mahakama mwezi Juni mwaka huo, vyuo vilivyoyakubali vimewekewa kikomo cha wachezaji 105 katika timu ya futiboli, na zamani timu nyingi kubwa zilizidi idadi hiyo kwa kubeba vijana wasio na udhamini. Juu ya hilo, tangu 2024 mchezaji anayefaulu masomo anaweza kuhama chuo zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Kocha anayehitaji mtu wa mstari wa mbele anaweza kumchukua mwanamume wa miaka 21 aliyekwisha kukomaa mwili badala ya kumlea wa miaka 17 kwa misimu miwili au mitatu, na mahali anapocheza mwanao ndipo ukomavu wa mwili unapohesabiwa sana. Anayekaa hadi Desemba akitarajia ofa kubwa zaidi anaweza kukuta hata zile za wastani zimekwisha.

Kwa hiyo wakati unaofaa, kwa maoni yangu, ni kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai. Tangu tarehe 1 Aprili ya darasa la 11 vyuo vinaruhusiwa kumwalika kwa ziara rasmi, ambazo chuo hugharamia. Nendeni vyuo vyote vitatu kabla Juni haijaisha, hata vile viwili ambavyo mnaviona vidogo. Achague kimoja, aseme, kisha Agosti mwombe ofa ya maandishi, na asiendelee kutembelea vyuo vingine kisirisiri.

Wakati huo huo fungueni cheti chake cha masomo. Daraja la Kwanza la NCAA, yaani ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, linadai masomo ya msingi 16 yenye wastani usiopungua 2.3 kati ya 4, na 10 kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla mwaka wa mwisho haujaanza, saba yakiwa ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Pengo likionekana leo, linaweza kuzibwa kwa masomo ya kiangazi hiki.

Kuhusu simu ya wiki iliyopita, kijana ampigie kocha mwenyewe, nawe uwe kando yake. Amshukuru, amwambie kwamba chuo chake anakitaka kwa dhati, kwamba wazazi wake hawamruhusu kutoa neno kabla hawajafika, na aombe tarehe ya ziara mwezi Mei. Kocha anayemtaka kweli atatafuta tarehe.