Betri "kavu" imevujia ndani ya buti la MX-5: ninunue ipi?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1992, ile ambayo betri inakaa nyuma ndani ya buti. Wiki iliyopita nilinyanyua zulia nikakuta rangi imebabuka chini ya betri na kutu imeanza kula bati. Betri ni kavu, haijafikisha hata miaka miwili, na juu imeandikwa kwamba haihitaji matunzo. Fundi wangu anasema nitafute betri kavu nyingine yoyote inayoenea pale, halafu akizibe kile kitundu cha pembeni kwa silikoni isivuje tena. Hii ya sasa ameshaiziba. Ninunue ipi ambayo haitavuja?

JIBU

Ndugu yangu, hiyo silikoni itoe leo. Usiwashe gari wala usichomeke chaja mpaka kitundu kiwe wazi. Sababu nitaieleza mwishoni.

Betri unayoihitaji ni ya AGM, yaani ile ambayo tindikali yake imenyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, yenye mdomo wa kuchomeka mpira wa kutolea hewa nje. Ndiyo aina iliyokuja na gari hilo kutoka kiwandani. Njiani kuna mtu, pengine mmiliki wa kabla yako, aliyeona bei yake akaamua kuweka ya kawaida, na kutu yako imeanzia hapo.

Sasa nije kwenye neno linalonichosha kila wiki: betri kavu. Hiyo uliyo nayo haina ukavu wowote. Ndani imejaa tindikali ya salfa na maji, na zaidi kidogo ya theluthi ya uzito wa mchanganyiko huo ni tindikali yenyewe. Bamba za risasi zinaogelea mle ndani sawasawa na zile betri za zamani zenye vifuniko sita vya kufungua kwa sarafu. Kilichobadilika ni kwamba vifuniko vimefichwa, na risasi ya bamba imechanganywa na kalsiamu ili maji yapungue polepole. Ndiyo maana huambiwi uongeze maji. Maneno "haihitaji matunzo" yanasema hilo tu, wala hayajawahi kuahidi kwamba betri haivuji. Ukitaka kuhakikisha, ishike kwa mikono miwili, iinamishe kidogo upande huu kisha upande ule, na utege sikio. Utayasikia maji yakipiga ukuta.

Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni na oksijeni. Viputo vinapopasuka juu ya tindikali hurusha chembe ndogo mno, ukungu ambao jicho haliuoni, na ukungu huo hutoka pamoja na hewa kupitia kitundu cha pembeni. Chini ya boneti upepo huutawanya. Ndani ya buti hauna pa kwenda, kwa hiyo hutua palepale, safari baada ya safari, mwaka mzima. Halafu hilo ni gari la michezo: linakata kona kwa kasi, linafunga breki kwa nguvu, na maji ya betri yanapanda ukutani hadi kwenye njia ya hewa.

Juzi nimetoa betri kwenye buti la gari kama lako. Juu ilikuwa safi kama mpya. Niliponyanyua, zulia la chini lilikatika mkononi kama karatasi iliyolowa, na boliti ya kushikilia betri ilikuwa imeliwa katikati hadi ikawa nyembamba kama msumari. Kwenye bati palikuwa na duara la unyevu. Mwenye gari akaniambia ni mvua, lakini gari lilikuwa limekaa ndani siku nyingi. Maji ya mvua yangekuwa yamekauka. Tindikali ya salfa haikauki, inavuta unyevu wa hewani na kubaki imelowa. Nikamwagia baikaboneti ya soda, ile inayoumulia keki, na pakachemka povu mbele ya macho yake.

AGM inafanya kazi tofauti. Katikati ya bamba kuna mkeka wa nyuzi laini za kioo, na tindikali yote imenyonywa humo, kiasi kwamba hakuna maji ya kuchezacheza. Oksijeni inayozaliwa kwenye bamba za chanya hupenya mkekani hadi bamba za hasi na kugeuka maji tena. Ganda likipasuka, hakuna kinachomwagika kama kwenye betri ya maji. Lakini nayo ina vali ndogo ya usalama, na ikichajiwa kupita kiasi vali hufunguka na kutoa hewa. Kwa hiyo hata AGM ikiwa ndani ya buti lazima mpira wake uunganishwe na kutokeza nje kupitia sakafu. Mara nyingi nakuta mpira upo, umelala kando ya betri, haujachomekwa popote. Angalia na upande: kama betri mpya ina mdomo kulia na mpira wako uko kushoto, tumia kizibo kinachokuja na betri kuziba upande usiotumika, na upande wa mpira ubaki wazi.

Usinunue kwa kuangalia kama inaenea tu. Soma kwenye kibandiko herufi AGM zenyewe, kwa sababu neno la muuzaji halitoshi. Pima urefu, upana na kimo cha trei. Angalia chanya iko upande gani, kwani waya za nyuma ni fupi na hazivutiki. Magari mengi ya Japani yana nguzo, yaani ncha za betri zinazofungwa waya, nyembamba kuliko za kawaida, na hapo ndipo watu hupanua au kubana vichwa vya waya kwa nyundo. Nguzo ikipigwa, muhuri wake unalegea pale inapotokea gandani, na umeshajitengenezea mvujo mpya kwenye betri mpya. Kibano cha kuishikilia kiikaze mpaka betri isitikisike, basi. Ukizidisha, ganda linapasuka.

Betri ya geli, ambayo tindikali yake imegandishwa kama uji, achana nayo kwa kazi hii. Haipendi volti kubwa za oltaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, na viputo vinavyojichimbia ndani ya ule uji havirudi tena. Ya lithiamu haina tindikali na ni nyepesi, lakini inataka mfumo wa chaji unaoendana nayo. Kwa gari la mwaka 1992 linaloendeshwa barabarani sioni sababu.

Kuna jambo ambalo fundi wako hakuligusa kabisa, na mimi ningeanza nalo kabla ya kutoa pesa. Betri ya miaka miwili kumwaga kiasi cha kula bati kunanifanya niishuku oltaneta. Ukishazibua kitundu, washa gari na upime kwa voltimita kwenye nguzo za betri, injini ikiwa imepata moto. Ukisoma kati ya volti 13.8 na 14.7, sawa. Ukikuta zaidi ya 15, regyuleta inayodhibiti volti za oltaneta imekufa na inaichemsha betri. AGM mpya itakauka mle ndani na hutaweza kuiongezea maji. Tengeneza hilo kwanza.

Hili si la Mazda peke yake. Kwenye Chevrolet Corvette C5, iliyotengenezwa kuanzia 1997 hadi 2004, betri imekaa juu ya kompyuta ya injini. Ikivuja, tindikali inashuka kwenye waya na kwenye kompyuta yenyewe, na mwenye gari anaanza kubadilisha sensa moja baada ya nyingine huku ugonjwa uko kwenye betri. Magari ya namna hii hukaa siku nyingi bila kuendeshwa. Betri inaisha taratibu, kisha mtu anabusti na kuondoka, na oltaneta inalazimika kuijaza kwa fujo. Hapo ndipo gesi na ukungu hutoka kwa wingi. Chaja ndogo ya kutunza betri, yenye hali ya AGM, ingezuia yote hayo.

Badala yake naletewa betri zilizotiwa aspirini ili eti zifufuke. Aspirini ikikaa kwenye tindikali ya betri hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo inatafuna risasi. Gari litawaka leo, na bamba zitakuwa zimeharibiwa. Wengine wanatia chumvi. Wengine wanatoboa kifuniko kwa drili na kuongeza tindikali mpya, wakati kilichopungua ni maji, kwa hiyo wanaikoleza zaidi. Wanaofanya hivi wanalipwa na kuondoka, na anayebaki na bati lililotoboka ni mwenye gari. Nimewaona vijana wenye makovu ya tindikali mikononi kwa sababu aliyewafundisha kazi aliwaambia betri kavu haina kitu ndani.

Na silikoni ndiyo mbaya kuliko zote. Gesi isipopata njia hujaa ndani hadi ganda linavimba, kisha hupenya kwenye mihuri ya nguzo ikiwa imebeba tindikali. Haidrojeni huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, na cheche moja ya kichwa cha waya kilicholegea inatosha kuiwasha. Kwa hiyo fungua buti uliache wazi robo saa, vaa miwani ya kukinga macho na glavu za mpira, na usiguse chochote kama ganda limevimba. Mwite fundi mwingine. Kama halijavimba, chokoa silikoni kwa kijiti cha mbao au plastiki, kamwe si bisibisi. Siku ya kuitoa betri, fungua waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya, kisha uiinue ikiwa wima. Bati likwangue baada ya kulimwagia baikaboneti iliyoyeyushwa kwenye maji, tena na tena, mpaka lisitoe povu hata moja, ndipo upake rangi.