Pelé angeuweza mpira wa leo?

SWALI: Shikamoo, Ami. Vijana wa baraza letu hapa Kibokoni wanasema Pelé alicheza na mabeki wazembe, eti Messi ndiye mkubwa wa wote. Wewe wasemaje?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao “wazembe” walimpiga Pelé mateke Kombe la Dunia la 1966 mpaka mechi na Ureno akaimaliza akichechemea, maana mchezaji wa akiba hakuruhusiwa kuingia. Kadi za njano na nyekundu zilianza kombe la 1970; kabla ya hapo refa alikuwa na mdomo tu!

Messi naye simnyimi haki yake. Mwaka 2016 alipaisha penalti fainali ya Copa América dhidi ya Chile, akatangaza kuiacha timu ya taifa. Akarudi. Fainali ya Kombe la Dunia la 2022, mikwaju ya penalti, ndiye aliyeipigia Argentina ule wa kwanza, akausukuma mpira taratibu hadi wavuni. Moyo huo hauuzwi Marikiti.

Ukinibana, nasema Pelé: miaka 17, fainali ya 1958, Waswidi kwao, mabao mawili. Habari ya Ronaldo msinianzishie.