Wasomaji Wanauliza: Kushuka Daladala kwa Mawazo

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nina miaka 38, naishi Majengo, Moshi, na huu ni mwaka wa nne nina MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo). Natembea mwenyewe, ila mguu wa kushoto mzito na balansi imepotea. Shughuli inakuwa kwenye kushuka daladala. Mtu wa fiziotherapia kaniambia nikae kitini, nifumbe macho, nishuke kwa mawazo kila siku. Mume wangu anacheka, anasema hiyo ni ndoto ya mchana. Je, inasaidia kweli? Na inafanywaje?

JIBU: Marahaba, dada. Mwambie shemeji ndoto ya mchana haipimwi kwa saa. Zoezi hili linapimwa.

Mtu akiwaza mwendo kwa makini, sehemu nyingi za ubongo zinazopanga mwendo halisi nazo huingia kazini, pamoja na ubongo mdogo ulioko kisogoni. Kinachokosekana ni amri ya mwisho ya kukaza msuli. Na wewe shida yako iko kwenye mawasiliano: katika MS kinga ya mwili hushambulia mayelini, utando unaofunika nyuzi za neva, na taarifa za kwenda na kurudi miguuni zinachelewa au zinapotelea njiani. Mawazo hayarudishi mayelini, wala hayajengi paja. Yananoa mpango wa mwendo, bila kuchosha miguu na bila hatari ya kuanguka. Dawa na mazoezi ya kawaida yanabaki palepale.

Anza na mwili wenyewe. Tafuta ngazi fupi ya mlangoni, shemeji asimame chini yako, pembeni kidogo. Shika fremu ya mlango. Hamishia uzito wote mguu wa kulia, kunja goti lake taratibu, tanguliza chini mguu wa kushoto. Katika kushuka, mguu dhaifu ndio unaotangulia, kwa sababu kazi ngumu ya kuteremsha mwili inafanywa na ule unaobaki juu. Kanyaga kwa unyayo wote, pokea uzito, kisha wa kulia ufuate. Shemeji apime kwa simu. Tuseme ni sekunde 8.

Sasa keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu peku sakafuni, mkono umeshika kitu kama unavyoshika bomba la daladala. Usijilaze kitandani, utasinzia. Fumba macho, sema "naanza", na ushuke. Wengi hapa hujiona kwa mbali, kama wanatazama mtu kwenye runinga. Wewe ingia ndani ya mwili: sikia uzito ukihamia nyonga ya kulia, goti likikunjika, unyayo wote wa kushoto ukitua chini, ukipokea uzito. Ukimaliza sema "nimefika". Ikiwa ni sekunde 3, kuna hatua umeiruka, na mara nyingi ni ile ya kuhamisha uzito, ambayo ndiyo inayokuangusha. Ikiwa ni 15, umepotea njiani au umechoka. Unatafuta sekunde 7 hadi 9.

Mara tano kwa mawazo, pumzika dakika moja, mara mbili kwa mwili. Rudia mzunguko huo mara mbili au tatu. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, siku tano kwa wiki. Ukizoea, ongeza mambo ya stendi: ngazi ya juu zaidi, konda anayegonga bodi, mfuko mkononi. Usiongeze vyote siku moja.

Picha ya kuanguka ikijitokeza, usiimalizie. Fumbua macho, rudi mwanzo, punguza urefu wa ngazi. Ukiona unabana pumzi au ngumi, unakaza misuli badala ya kuwaza. Na kama mwendo hauji kabisa akilini, fanya kwanza kwa mguu wenye nguvu, kisha "uhamishie" hisia ile upande wa pili.

Fanya asubuhi kabla jua la Moshi halijapanda. Joto hupunguza kasi ya neva zilizoumia, na siku hiyo utadhani zoezi limekataa. Mwili ukipoa, hali hurudi. Lakini ganzi mpya, udhaifu mpya au jicho kufifia kwa zaidi ya saa 24, nenda hospitali usingoje kliniki ijayo.

SWALI: Naweza kuwaza natembea huku nasikiliza muziki? — *Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Ndiyo, na pengine ni bora zaidi. Watafiti wa Innsbruck, Austria, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya watu wenye MS waliowaza kutembea kwa kufuata mdundo, dakika 17, siku sita kwa wiki, kwa wiki nne. Mwendo wao uliboreka, na uchovu ukapungua. Walichopima ni kutembea, si kusimama kwa mguu mmoja, kwa hiyo tusilivishe jambo kanzu isiyolienea. Chagua mdundo unaolingana na hatua zako za leo, usioyumba. Bongo Fleva nyingi zina kasi kuliko miguu yako. Maneno nayo huteka akili. Programu ya simu inayogonga mdundo mtupu inatosha.

SWALI: Nina MS. Nikijipaka sabuni usoni bafuni nayumba, karibu nianguke. Macho yakiwa wazi sina shida. Nini hiki? — *Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Balansi hutegemea macho, sikio la ndani na taarifa za nyayo na viungo. Zako za nyayo zinafika kwa kuchelewa, hivyo macho yamekuwa yakizibeba. Sabuni inayafunga, na mwili unabaki bila shahidi.

Weka kigoda bafuni, uso uoshwe umekaa. Kama ni lazima usimame, gusa ukuta kwa ncha ya kidole kimoja, bila kuegemea: mguso huo mdogo huupa ubongo habari ya upande unaoyumbia. Ukiwa umekaa kitini, waza umesimama na sabuni usoni: uzito unasogea vidoleni, unaurudisha, unasogea kisiginoni, unaurudisha. Baadaye jaribu kwa mwili kwenye kona ya chumba, ukuta nyuma na pembeni, kiti mbele, mtu karibu, sekunde 10 kwanza. Bafuni penye maji usijaribu.