Madawati yaliyolala stoo

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kama Wafrimasoni wajitokeze zaidi katika jamii ili watu waache kuwaogopa. Jibu langu ni ndiyo, ila kwa sisi wa Mwanza ipo hoja inayotangulia swali lenu: jina lao limekwisha kujitokeza muda mrefu, na waliolitoa hadharani ni matapeli. Nguzo za umeme zinabandikwa karatasi za kualika watu wajiunge wapate utajiri, na mwenye simu ambaye hajawahi kutumiwa ujumbe wa aina hiyo ni wa kutafutwa. Anayepiga huombwa ada ya fomu, kisha nauli ya wakala, kisha kingine, hadi akiba yote iishe. Ilhali kwa desturi ya chama chenyewe, ambacho baraza lake kuu la kwanza liliundwa London mwaka 1717, mtu habembelezwi kujiunga. Anayetaka ndiye anayeomba, sharti awe anamwamini Mungu, na akikubaliwa yeye ndiye anayelipa ada.

Kilichonifanya niandike ni kisa cha shule moja ya msingi upande wa Igoma, ambako nilikuwa mjumbe wa kamati. Ilikuwa mwaka 2016, nchi nzima ikihangaika na kampeni ya madawati, na mfanyabiashara mmoja wa sangara, aliyeomba asitajwe, alituletea madawati 40 ya mbao ngumu. Ubavuni mwa kila dawati palikuwa na mhuri mdogo uliochomwa kwa moto: bikari na skwea vimepishana, kama ilivyo alama ya Wafrimasoni. Mzazi mmoja aliyemfuata mwanawe aliuona, akaupiga picha, na kabla ya magharibi picha hiyo ilikuwa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya kata nzima, ikisindikizwa na maneno kwamba watoto wetu wameuzwa.

Kesho yake wazazi walijaa uwanjani kuliko siku yoyote ya kikao cha maendeleo (kwenye taarifa ya mapato na matumizi huwa tunabaki na walimu). Mwalimu mkuu alimwita fundi seremala, naye akaeleza kwa upole kwamba mhuri ule ni wa karakana yake na kwamba alichora vifaa anavyovishika kila siku. Mjumbe mwenzangu aliazima mkebe wa hisabati wa mtoto wa darasa la sita, akatoa bikari na kuinyanyua juu ili wote waione. Wachache walicheka. Ndipo mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni aliposimama na kuuliza, bila kupandisha sauti: "Mwalimu, mtu mwema anayejificha tunamjuaje?" Hakuna aliyemjibu. Nami sikuwa na jibu, kwa sababu tunaishi katika kanda ambako watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri, na mama anayeuliza fedha imetoka wapi kabla mwanawe hajaikalia hastahili kuitwa mjinga.

Kikao kiliamua madawati yalale stoo mpaka mihuri iondolewe. Fundi alikuja na randa yake, akaifuta yote bila malipo, lakini kazi hiyo ilifanyika muhula ukiwa unaishia, na muda wote huo watoto walikaa sakafuni. Mfadhili hakurudi tena. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama ni Mfrimasoni.

Uingereza, makao yao makuu pale Great Queen Street, London, hupokea wageni wanaotaka kuyatembelea, na michango yao husaidia hata helikopta za kubeba wagonjwa. Marekani, ndugu zao wa Shriners wanaendesha hospitali za watoto tangu mwaka 1922. Huko kujitokeza kumewasaidia, nadhani, kwa kuwa hapakuwa na tapeli aliyewatangulia kwenye kila nguzo ya umeme. Kwetu marehemu Sir Andy Chande, aliyewahi kuwaongoza Afrika Mashariki yote, alizungumza na waandishi wa habari waziwazi kwa miaka mingi kabla ya kufariki mwaka 2017, na sikuona karatasi hata moja ikibanduliwa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo ile ndiyo ya mwanzo imenipungua nguvu kadiri ninavyoandika. Bango la barabarani kama lile la klabu ya Rotary lingewapa matapeli anwani ya kutaja. Lenye manufaa zaidi ni wao wenyewe kusema redioni, kwa Kiswahili na mara kwa mara, kwamba hawasajili mtu kwa simu na hawagawi utajiri, na polisi wakawafuatilia wenye zile namba. Kuhusu misaada, sina msimamo mmoja kwa kila mahali. Mgonjwa aliyepo hospitali ya Bugando ana haraka kuliko mwanafunzi. Lakini wakileta madawati shuleni kwetu kwa jina lao, nitapiga kura yapokewe, kwa sharti kwamba jina hilo liandikwe kwenye stakabadhi na kwenye muhtasari wa kikao, ambao mzazi yeyote anaruhusiwa kuusoma, na dawati lenyewe lisichapwe nembo yoyote.