Kipindue kiti kwanza, hela baadaye

Mkuu, usitume hata shilingi. Umesema dalali anataka laki tisa kwa simu leo hii, nusu ya bei ya "viti sita vya Mjerumani", ndipo avipakie kutoka Lushoto mpaka kwako Chumbageni, Tanga. Picha tatu ulizoweka zote zimepigwa kwa mbele, vanishi inang'aa, hakuna hata moja ya chini ya kikalio. Kiti hakinunuliwi kwa sura. Kinapinduliwa miguu juu, juani, ndipo bei izungumzwe. Hilo nitalirudia mpaka mnichoke, maana kila mara kuna mtu mjini hapa anaingiza wadudu nyumbani kwake na nauli ya gari amelipa yeye.

Kwa nini chini? Seremala, awe wa mwaka 1900 au wa juzi, kiini cha mti hukiweka panapoonekana, na weupe wake hukificha: upande wa ndani wa fremu ya kikalio, nyuma ya egemeo, kwenye vipande vya pembeni vinavyoshikilia miguu. Weupe ni ile sehemu ya nje ya gogo. Una wanga, na wanga ndio chakula cha dumuzi wa mbao, kijidudu kinachotoboa mbao na kuiacha unga. Jike hutaga kwenye vitundu vya mbao tupu, mbao isiyopakwa kitu. Sasa kiti gani kina vanishi chini? Juu kimepakwa vanishi mara tatu, chini pakavu kabisa. Mlango umeachwa wazi.

Ndiyo maana nikisikia muuzaji anamwambia mteja "huu mninga, hauliwi" napandwa na hasira. Kiini cha mninga kweli ni kigumu kwa dumuzi. Weupe wake unaliwa mpaka unabaki ganda. Mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Muheza, ni hivyo hivyo: ukivunwa ungali mchanga unakuwa na weupe mwingi, na mafundi wanaupaka rangi ya kahawia ufanane na kiini. Anayekuambia hauliwi ama hajui mbao, ama anajua na anakuuzia hivyo hivyo. Huyo wa pili ndiye anayeziba matundu kwa unga wa msumeno na gundi, anapiga msasa, anapaka vanishi, kisha anakutumia picha.

Hasara yenyewe si laki tisa. Dumuzi hai akishaingia ndani hakai kwenye kiti. Akikomaa anatoboa, anatoka, anaruka kutafuta weupe mwingine: fremu za milango, kitanda, kabati la jikoni. Na kama ni mchwa wa mbao kavu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hahitaji udongo wala hajengi njia ya tope ukutani. Anakula kimya kimya, na kwenye joto na unyevu wa pwani yetu anastawi. Akifika kwenye kenchi za paa, gharama yake hailingani na kiti chochote duniani.

Nenda mwenyewe Lushoto, au mtume mtu unayemwamini, na bisibisi, tochi na kipande cha kitambaa cheusi. Pindua kiti juu ya kitambaa. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi, kila upande, miguu yote. Ukiona unga laini mweupe, ni dumuzi, na matundu yake ni ya duara, milimita moja hadi mbili. Ukiona punje ngumu ndogo kama ulezi, ni mchwa wa mbao kavu: acha kiti hapo hapo. Kisha ncha ya bisibisi ikandamize kwenye weupe. Ikizama bila nguvu, ndani ni tupu hata kama juu panang'aa.

Tundu peke yake halithibitishi kwamba mdudu yuko hai. Tundu la zamani lina kingo nyeusi na vumbi lililogandamana. Tundu jipya ni safi, rangi ya mbao iliyokatwa jana. Unga nao unaweza kuwa wa miaka iliyopita, umedondoka kwa mtikisiko wa safari tu. Ukiwa na shaka na kiti unakipenda kweli, kiache stoo ya nje: safisha matundu, bandika karatasi nyembamba juu yake kwa gundi ya maji, angalia kila wiki kwa miezi kadhaa. Karatasi ikitobolewa, umepata jibu. Si kipimo cha siku mbili, maana mdudu anaweza kukaa ndani ya mbao mwaka mzima kabla ya kutoka.

Dawa? Ya maji yenye boroni hufanya kazi kwenye mbao tupu pekee, haipenyi vanishi. Kwa hiyo nayo inapakwa chini, kwa brashi, mara mbili, na kwenye matundu inaingizwa kwa bomba la sindano. Vaa glavu, fanya nje. Kigoda au kiti kidogo kinaweza kufungwa kwenye nailoni na kuingia friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Lakini msikubali oili chafu! Fundi anayepaka oili chafu kwenye kiti cha sebuleni anakuharibia mara mbili: haifiki alipo mdudu, na haitoki kwenye mbao. Kanzu ya mgeni itakuwa na doa, na gundi wala vanishi haitashika tena hapo.

Huko chini huko ndiko utajua pia kama ni cha Mjerumani. Mjerumani alitoka Tanga mwaka 1916, kwa hiyo kiti chake kimepita miaka mia. Skrubu za nyota zilianza kutumika viwandani miaka ya 1930. Ukizikuta ndani ya kiungo chenyewe, ama kiti kimefumuliwa, ama si cha enzi hiyo. Mguu wa duara upime unene kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, pande mbili: mbao husinyaa zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kiini, hivyo mguu uliochongwa zamani kwa keezo, mashine ya kuzungusha mbao ikichongwa, huwa umekuwa yai kidogo. Fito ya mbele inayounganisha miguu iwe imelika panapokaa visigino. Ikiwa imelika sawasawa kote, hiyo ni kazi ya msasa. Na njia za dumuzi zikionekana ubavuni kama mifereji iliyopasuliwa, ujue mbao kuukuu imepasuliwa upya kutengeneza kiti kipya.

Vile vya miaka ya sitini, vya mikono ya mbao na mito ya kutoa, ulivyosema shangazi anakuachia, mimi ningechukua hivyo. Vipindue navyo. Mikanda ya mpira inayobeba mito ikiwa imekauka na kupasuka si tatizo, inabadilishwa. Tatizo ni kiungo cha mguu wa nyuma na fremu. Kikicheza, usiruhusu msumari. Msumari unapasua ulimi wa mbao ulioingia ndani ya tundu lake, na kwa hewa ya bahari unashika kutu, kiungo kinalegea tena kikiwa kimeshaharibika. Kiungo kinafunguliwa, gundi ya zamani inakwanguliwa yote mpaka mbao, ndipo gundi mpya inapakwa na kubanwa usiku mzima kwa klempu. Gundi nyeupe juu ya gundi kuukuu haishiki.

Sofa mpya nayo ina chini yake, ila imefunikwa kitambaa cheusi. Mwambie fundi afungue pembe moja. Akikataa, ondoka. Ukikuta fremu ni mabanzi yenye magome au mbao mbichi, ondoka pia. Sponji ya kikalio ipimwe kwa mizani ya duka: kipande cha sentimita 60 kwa 60, unene 10, kiwe na kilo moja na ushee. Kikiwa na gramu 600, baada ya muda mfupi utakuwa unakalia mbao.

Dalali akikuonyesha na kiti cha enzi chenye nakshi nyeupe, uliza ni mfupa au ni pembe ya ndovu. Pembe bila kibali ni kosa la jinai, haijalishi kiti kina miaka mingapi.

Kwa mama yako mwenye magoti yanayouma: kikalio cha sentimita 45 hadi 48 kutoka sakafuni, na mikono ya kushikilia anaponyanyuka.

Mwambie dalali apige picha nne za kila kiti, mchana, bila kukifuta: kikalio chote kwa chini, kona ya ndani ya mguu wa nyuma, kichwa cha skrubu moja kwa karibu, na sakafu palipokuwa pamesimama mguu. Ziweke hapa hapa, wenye macho ya mbao tuko wengi, tutakusomea.