Maswali kwa Fundi: Mshale wa Spidi Uliogoma

SWALI: Shikamoo Fundi. Gari langu ni MGB la Kiingereza la mwaka 1969, lile la wazi la viti viwili, na nimelitunza kwa miaka kumi. Miezi miwili iliyopita mshale wa spidi ulianza kutetemeka kila ukifika kati ya maili 40 na 50 kwa saa. Baadaye ukaja mlio mwembamba nyuma ya dashibodi, hasa asubuhi. Siku ya mwisho mshale ulipanda wenyewe mpaka 120 na mimi niko kwenye mwendo wa kawaida, nikasikia kitu kinakatika, ukaanguka kwenye sifuri. Namba za maili nazo zikasimama. Nimenunua mita ya mtumba, sura ileile na ukubwa uleule, nikaweka na waya mpya wa ndani, ule unaozunguka kutoka giaboksi hadi mita, niliojaza grisi mwanzo hadi mwisho. Inafanya kazi, lakini rafiki yangu akiwa mbele na gari lake la kisasa kwenye 50, mimi ninaonyesha 64. Na juzi mshale umeanza tena kutetemeka. Je, nitafute mita ya tatu?

JIBU: Marahaba, na pole kwa usumbufu. Mita ya tatu usinunue. Na ile ya kwanza, kama bado haijaenda jalalani, ihifadhi mahali pakavu, maana nina hakika kubwa kwamba inaponyeka.

Nianze na hizo 64. Jibu lake limeandikwa kwenye uso wa mita zenyewe. Chukua tochi, na miwani kama unatumia. Mita za Smiths, ambazo ndizo zilizofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya zama hizo, zina maandishi madogo sana chini ya uso: herufi SN na namba ya modeli, kisha kuna namba nyingine iliyosimama peke yake. Hiyo iliyo peke yake ndiyo muhimu. Inasema waya unatakiwa uzunguke mara ngapi gari likienda maili moja. Kwa hesabu za barua yako, mita yako ya asili imeandikwa 1280 na hiyo ya mtumba imeandikwa 1000. Giaboksi lako linazungusha waya mara 1280 kila maili, na mita uliyonunua inaamini kwamba mizunguko 1000 imeshatimiza maili. Basi kila kitu inakizidisha kwa 1.28. Hamsini mara 1.28 ni 64 kamili. Hata namba za umbali zinakudanganya hivyo hivyo: ukienda maili 100 inakuandikia 128.

Kosa hilo si dogo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa kwa magari mapya katika nchi nyingi, hairuhusu mita ionyeshe pungufu ya mwendo halisi hata kidogo, na kwa kuzidi inaruhusu asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa mwendo halisi wa kilomita 80 kwa saa, mwisho ni 92. Yako ingesoma 102.

Usiniamini mimi kwa kukisia, pima mwenyewe. Chomoa waya nyuma ya mita, ubandike kibendera cha karatasi kwenye ncha ya waya wa ndani. Jaza upepo wa tairi kiwango chake, weka gia huru, chora mstari sakafuni mbele ya tairi, na mstari wa pili mita 20 mbele kwa kutumia futi kamba. Mmoja asukume gari polepole, mwingine ahesabu kibendera kinazunguka mara ngapi, pamoja na nusu na robo. Idadi hiyo izidishe kwa 80.5, upate mizunguko kwa maili. Kwako nategemea karibu 16, ambayo inakupeleka kwenye 1280 na ushee. Ukipata kumi na mbili na nusu hivi, basi mtu aliwahi kubadilisha giaboksi au difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na hadithi ni nyingine. Lakini gari lisukumwe, magurudumu yote mawili ya nyuma yawe chini. Nimeona watu wakiinua gurudumu moja kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. Difu inafanya gurudumu hilo lizunguke mara mbili ya kawaida na hesabu yote inaharibika.

Sasa mlio na mtetemo. Mtetemo ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu umekufuata kutoka mita moja hadi nyingine.

Ndani ya mita hakuna kinachoushika mshale na kuuzungusha. Waya unazungusha sumaku ndogo. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chepesi cha alumini kisichoigusa, na mshale umesimama juu ya kikombe. Sumaku ikizunguka inaamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kiifuate, huku springi nyembamba kama unywele ikikirudisha. Kadiri sumaku inavyokwenda kasi ndivyo kikombe kinavyoishinda springi. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyelisajili wazo hili mwaka 1902, na mita yako ya 1969 inafanya kazi kwa wazo lilelile. Mimi hadi leo nikifungua mita na kuona kikombe kile kinafuata sumaku bila kuguswa, natulia kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Ule mwanya kati ya sumaku na kikombe ni mwembamba mno. Grisi ikiingia humo, kikombe hakivutwi tena kwa umeme, kinavutwa kwa kunata. Ndipo mshale unaporuka hadi mwisho wa uso ukiwa kwenye mwendo wa kawaida. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi nilifanya jambo lilelile ulilofanya wewe: nilipaka waya mzima grisi, nikajisifu kwa kazi safi, na mwenye gari akarudi baada ya siku chache mshale umelala mwisho kabisa. Waya ukizunguka unaipandisha grisi kama skrubu. Vitabu vya gereji vya magari hayo vinasema: paka grisi kidogo, ingiza waya, kisha uvute nje tena kama milimita 200 upande wa mita na ufute grisi yote kwenye kipande hicho. Nilikuwa sijasoma. Mita ile niliifungua na kuisafisha bila malipo, na tangu hapo sijarudia.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujaendesha tena, chomoa betri (zako ni mbili za volti 6, nyuma ya viti), fungua zile nati mbili za vidole zinazoshika mita kwa nyuma, itoe, na utazame tundu linapoingia waya. Ukikuta grisi nzito, ndiyo yako uliyoipaka. Ukikuta oili nyepesi nyeusi inayonuka giaboksi, tatizo liko chini: sili ya oili pale waya unapoingia kwenye giaboksi imechoka, na oili inapanda kwenye waya hadi kwenye mita. Usipobadilisha sili hiyo, mita yoyote utakayofunga itakwenda na njia ile ile.

Kisha mtazame waya. Umeweka wa ndani mpya lakini hukusema kuhusu ganda, ile ala ya nje unamopita waya. Ganda la miaka hamsini lililokauka, au lililokunjwa wakati fulani injini ikishushwa, linaukaba waya mpya siku ileile. Waya unakwama, unajikusanya, unafyatuka, na mshale nao unatetemeka. Utoe waya wa ndani, ushike ncha zote mbili uning'inie kama herufi U, uusokote kwa vidole. Ukizunguka laini ni mzima. Ukiruka kila mzunguko mahali palepale, umepinda, hauna dawa. Mimi ningenunua waya na ganda lake kwa pamoja. Ukiupitisha, usiukunje kwa kona kali kuliko nusu kipenyo cha milimita 150, uache inchi mbili za kwanza kutoka kwenye mita zinyooke kabisa, na uuweke mbali na ekzosi. Kabla ya kukaza, pima ncha ya waya inayotokeza nje ya ganda upande wa mita: iwe kama milimita 10. Ikizidi, inasukuma ekseli ndogo ya mita na kuisaga. Ikipungua, haishiki.

Tuje kwa mita yako ya asili. Ule mlio wa asubuhi ulikuwa ekseli yake ikisaga kwenye bushi kavu. Ilipokwama kabisa, giaboksi liliendelea kuzungusha, na kilichokatika ni waya. Ndiyo sababu mshale na namba za maili vilisimama kwa pamoja. Laiti namba zingeendelea kuhesabu na mshale umekufa, ningekuambia waya ni mzima na ugonjwa uko kwenye kikombe au springi. Weka tone moja la oili nyepesi ya mashine pale ekseli inapoingia, usiku kucha. Kesho yake kata kipande cha waya wa ndani wa zamani chenye ile ncha ya pembe nne, kifunge kwenye drili, na uzungushe polepole sana kwa upande uleule ulioona kibendera kikizunguka. Ikilegea, ongeza kidogo kidogo. Mwendo wa maili 60 kwa saa ni maili moja kwa dakika, kwa hiyo mita ya 1280 ikizungushwa mara 1280 kwa dakika lazima isome 60. Ikisoma hivyo na mshale umetulia, irudishe mahali pake. Mita ya 1000 muuzie mwenye gari linaloihitaji, na umwambie namba yake.

SWALI: Langu ni gari la Kijerumani la miaka ya 1970. Mshale unasoma vizuri, ila namba za kilomita zimeganda. Zilisimama dakika ileile nilipobonyeza kurudisha sifuri kile kihesabu kidogo cha safari, gari likiwa linakwenda. Nibadilishe mita nzima?

JIBU: Hapana. Mshale ukisoma, waya ni mzima, sumaku ni nzima. Umevunja meno ya gia ndogo ya plastiki, au tarakimu zimeteleza kwenye ekseli yake. Kihesabu cha safari kirudishwe gari likiwa limesimama, siku zote.

Gia hizo hupatikana, lakini hesabu meno kabla ya kuagiza. Jambo moja tu nakusihi sana. Ili kufika kwenye gia huenda ukahitaji kuung'oa mshale, na mshale unaouona umepumzika kwenye kijipini cha sifuri haujapumzika kweli. Springi inausukuma dhidi ya pini. Uinue kwa wembe taratibu upite juu ya pini, uuache ushuke mpaka usimame wenyewe, na hapo ndipo uweke alama ya penseli. Unaporudisha, uelekeze kwenye alama hiyo, kisha uupandishe juu ya pini. Ukiuweka kwenye sifuri moja kwa moja, mita yako itakosea mwendo wote.

Namba zilizoganda ziandike kwenye daftari la gari pamoja na tarehe, na usizisogeze. Siku ukiliuza, mnunuzi aonyeshwe daftari hilo. Kugeuza namba na kunyamaza ni wizi, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai.

Na kwa wasomaji wenye magari ya zamani zaidi ya hili: kama uso wa mita una rangi iliyotengenezwa kung'aa gizani bila taa, usiikwangue wala kuipuliza vumbi lake. Baadhi ya rangi hizo zilikuwa na rediamu, madini yenye mionzi ya hatari, ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa miaka 1600. Rangi inaweza kuwa imeacha kung'aa na sumu bado ipo.

SWALI: Fundi, kwa nini tusiweke tu mita ya GPS tukaachana na waya?

JIBU: Unaweza, na kama giaboksi lako limebadilishwa na halina tena mahali pa kufungia waya, ni suluhisho la heshima. Inasoma mwendo sahihi bila kujali tairi wala difu. Ila ndani ya handaki inapoteza satelaiti, na ukiwasha gari inachukua muda kabla ya kuanza kusoma. Wapo mafundi wanaoweka mashine ya kielektroniki ndani ya ganda la mita ya zamani, uso na mshale vikabaki vilevile. Ukichagua njia hiyo, omba urudishiwe mashine ya zamani ikiwa nzima, na uifunge kwenye kitambaa kisicho na nyuzi. Sumaku yake isikae karibu na vumbi la chuma, maana likiingia kwenye ule mwanya linatoka kwa shida sana.